Jinsi ya kujua kama kampuni itadumu: mwongozo wa kusoma hesabu kabla hujaikopesha, hujaipa mali kauli (bidhaa kwa mkopo) wala kununua hisa zake

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nauza maboksi kwa kiwanda kimoja cha juisi kando ya Barabara ya Nyerere, hapa Dar es Salaam. Kilikuwa mteja wangu mkubwa kuliko wote. Makubaliano yalikuwa kulipwa ndani ya siku 30. Zikawa 60, mwishowe ikawa miezi saba. Kila Ijumaa nilikaa kwenye benchi la mapokezi, mhasibu anatoka na kuniambia, "Kaka, hundi iko mezani kwa mkurugenzi, imebaki saini tu."

Sikuwa na wasiwasi sana, kwa sababu nilikuwa nimeonyeshwa hesabu zao zilizokaguliwa na zilikuwa na faida. Siku moja nikaomba kwenda msalani, njia ikapita mlangoni kwa stoo. Katoni za juisi zilikuwa zimepangwa mpaka karibu na mabati. Za chini zilikuwa zimebonyea na kushika vumbi, na zilikuwa kwenye maboksi yangu mwenyewe. Nikainama kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Faida niliyoonyeshwa ilikuwepo kwenye karatasi. Fedha yenyewe ilikuwa imelala pale stoo, na nyingine ilikuwa mikononi mwa mawakala wa mikoani ambao nao hawajalipa. Nilirudishiwa sehemu tu ya hela yangu. Tangu siku hiyo sijampa mtu mali kauli bila kupitia hatua ninazozieleza hapa, na ndizo ninazotumia pia nikitaka kununua hisa. Kampuni inaweza kuishi miaka bila faida kama kuna mtu anaitilia mtaji. Haiwezi kuishi mwezi mmoja bila fedha ya mishahara, umeme na ushuru wa mzigo uliokwama bandarini.

Hatua ya 1: Pata karatasi za miaka mitatu

Mwaka mmoja haukuambii kitu. Kampuni yoyote inaweza kuupamba mwaka mmoja. Mitatu ni kazi ngumu zaidi.

Kama kampuni imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lile lililoanza biashara mwaka 1998 na kampuni ya TOL ikiwa ya kwanza kuorodheshwa, hesabu zake zinapatikana bure kwenye tovuti. Benki huchapisha zake magazetini kila robo mwaka. Shida iko kwa kampuni binafsi, ambazo ndizo wengi wetu tunafanya nazo biashara. Hapo itabidi uombe. Sema wazi: "Mnataka mzigo wa siku 60, mimi naomba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu." Wenye biashara safi hawakasiriki.

Pia fanya upekuzi BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni. Utaona wakurugenzi ni nani, wanahisa ni nani, na kama mali za kampuni zimewekwa dhamana benki. Hili la dhamana watu hulipuuza. Kampuni ikianguka, benki yenye dhamana inachukua kwanza, na wewe mwenye ankara ya maboksi unapanga foleni nyuma.

Kabla hujafika kwenye namba, soma ripoti ya mkaguzi mpaka mwisho. Unatafuta aya inayosema kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Ukiikuta, usidanganyike na rangi za jarida la ripoti ya mwaka. Angalia pia kama mkaguzi amesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, na kama wakaguzi wamebadilishwa mara mbili ndani ya miaka mitatu. Mkaguzi habadilishwi ovyo.

Hatua ya 2: Weka faida pembeni, tafuta fedha

Watu wengi wanafungua ukurasa wa mapato na matumizi, wanaona faida, wanafunga. Wewe nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, mstari wa fedha iliyotokana na shughuli za biashara.

Tuchukue kiwanda cha mfano, namba zote ni milioni za shilingi. Mwaka jana kiliuza 2,500, mwaka huu 3,000. Mauzo yamepanda kwa 500, bodi inapongezana. Faida kabla ya riba na kodi ni 320. Toa riba 210, inabaki 110. Toa kodi ya kampuni asilimia 30, inabaki faida halisi ya 77. Mpaka hapo ni kampuni nzuri.

Sasa fungua mizania, ukurasa wa mali na madeni. Wadaiwa, yaani wateja ambao hawajalipa, walikuwa 450 mwaka jana. Mwaka huu ni 900. Tazama vizuri: katika ongezeko la mauzo la 500, 450 halijalipwa. Mzigo wa stoo nao umeongezeka kwa 200. Wamejisaidia kwa kuchelewesha malipo ya watu kama mimi, kwa hiyo madeni ya wauza bidhaa yamepanda kwa 250. Uchakavu wa mitambo, ambao ni gharama isiyotoka kwa fedha taslimu, ni 150.

Piga hesabu: 77 jumlisha 150, toa 450, toa 200, jumlisha 250. Unapata hasi 173.

Kiwanda kilichotangaza faida ya milioni 77 kimepoteza fedha milioni 173 kwenye kazi zake za kila siku. Pengo hilo limezibwa na mkopo wa benki, au na mkurugenzi aliyeuza kiwanja Kigamboni. Mwaka mmoja wa namna hii si ugonjwa, hasa kampuni inapokua. Miwili mfululizo, uliza maswali. Mitatu, mimi naondoka.

Kuna kitu kinachozidisha maumivu haya hapa kwetu, nacho ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ukiuza kwa mkopo na kutoa risiti ya mashine ya kodi (EFD), asilimia 18 ya serikali inatakiwa ilipwe tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amekulipa au hajakulipa. Kampuni inayouza sana kwa mkopo inawakopesha wateja wake bidhaa, halafu inawakopesha na kodi. Mimi niliwalipia TRA kodi ya maboksi ambayo sikuwahi kulipwa. Najua inavyouma.

Hatua ya 3: Hesabu siku

Hizi ni hesabu tatu za kikokotoo cha simu.

Chukua wadaiwa, gawa kwa mauzo, zidisha kwa 365. Kiwanda chetu: 900 kwa 3,000 ni siku 110. Mwaka jana zilikuwa 66. Wateja wamezidi kuchelewa kwa mwezi mmoja na nusu, na hakuna mahali ripoti inasema hivyo kwa maneno.

Chukua mzigo wa stoo, gawa kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, zidisha kwa 365. Kama stoo ina 800 na gharama ni 2,000, mzigo unakaa siku 146. Kwa nondo au saruji unaweza kuvumilia kidogo. Kwa juisi ni balaa.

Mwisho chukua madeni ya wauza bidhaa, sema 600, ugawe kwa 2,000 hiyo hiyo: siku 110. Hii ndiyo namba yako wewe muuzaji. Waliokuahidi kulipa ndani ya siku 30 hulipa kwa wastani wa siku 110, na wamekuandikia wenyewe kwenye hesabu zao.

Hatua ya 4: Deni, riba na dola

Gawa faida kabla ya riba na kodi kwa riba. Hapa ni 320 kwa 210, yaani mara 1.5. Mimi sipendi kuona chini ya mara 2 kwenye nchi ambayo mikopo ya biashara hutozwa riba ya karibu asilimia 15 au 16 kwa mwaka. Mauzo yakiyumba kidogo tu, kampuni inaifanyia kazi benki. Na usitegemee kwamba Benki Kuu ikishusha riba yake basi nafuu itafika kiwandani kesho. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inatumia mfumo wa kutangaza riba elekezi, ikianza na asilimia 5.5, lakini umbali kati ya namba hiyo na riba ya mkopo wa kiwanda ni mkubwa.

Kisha ingia kwenye maelezo ya hesabu, zile kurasa za nyuma zenye maandishi madogo, utafute deni liko kwa sarafu gani. Hapa ndipo kampuni nyingi za masoko yanayochipukia, yaani nchi kama yetu, huumizwa: zinauza kwa shilingi, zinadaiwa kwa dola. Kama kiwanda chetu kilikopa dola 200,000 za mtambo mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa karibu shilingi 2,300, deni lilikuwa milioni 460. Katikati ya 2024 dola ilipopita 2,600, deni lile lile likawa milioni 520. Milioni 60 zimeongezeka bila kuongezwa hata chupa moja, na faida yote ya mwaka ni 77. Wakati ule dola zenyewe zilikuwa hazipatikani. Unaweza kuwa na shilingi mkononi, mzigo wako wa mali ghafi ukakwama kwa kukosa dola.

Swali la kumuuliza mkurugenzi wa fedha: "Mapato yenu ya dola ni kiasi gani, na malipo yenu ya dola ni kiasi gani?" Akijibu kwa namba, vizuri. Akianza kukueleza hali ya uchumi wa dunia, andika alama ya kuuliza.

Hatua ya 5: Ipe kampuni alama

Mwaka 1968 Edward Altman, profesa wa Chuo Kikuu cha New York, alitengeneza kanuni ya kubashiri kampuni zinazoelekea kufilisika. Ile ya mwanzo ilitumia bei ya hisa sokoni na ililenga viwanda vya Marekani. Baadaye akaitengenezea sura nyingine, inayofaa kampuni zisizo za viwanda na zile za masoko yanayochipukia, ambayo haihitaji bei ya hisa. Kwa kampuni zetu binafsi hiyo ndiyo inayofaa.

Unahitaji vipande vinne, vyote kutoka kwenye hesabu:

- mtaji wa kuendeshea (mali za muda mfupi toa madeni ya muda mfupi) ugawe kwa mali zote, uzidishe kwa 6.56;
- faida limbikizi (faida za miaka yote zilizobaki ndani ya kampuni) igawe kwa mali zote, uzidishe kwa 3.26;
- faida kabla ya riba na kodi igawe kwa mali zote, uzidishe kwa 6.72;
- mtaji wa wenye hisa ugawe kwa madeni yote, uzidishe kwa 1.05.

Jumlisha. Juu ya 2.6 ni salama, chini ya 1.1 ni hatari, katikati ni ukungu.

Kiwanda chetu kina mali zote 4,000, mali za muda mfupi 1,800, madeni ya muda mfupi 1,500, faida limbikizi 400, mtaji wa wenye hisa 1,000 na madeni yote 3,000. Kipande cha kwanza kinatoa 0.49, cha pili 0.33, cha tatu 0.54, cha nne 0.35. Jumla 1.71. Kiko kwenye ukungu.

Nina angalizo. Mali za muda mfupi za 1,800 zinahesabu juisi yenye vumbi kana kwamba itauzwa kesho. Punguza stoo kwa 400 uone: mtaji wa kuendeshea unakuwa hasi, faida limbikizi inafutika kwa kuwa hasara hiyo hukatwa humo, na alama inaanguka chini ya 1.1. Ndiyo maana hatua ya 3 inakuja kabla ya hii. Kanuni hii pia haifai kupima benki. Benki nitazigusa baadaye.

Hatua ya 6: Toka ofisini, angalia kampuni inasimama juu ya nini

Namba zinakuambia jana. Kudumu kwa kampuni kunategemea vitu ambavyo vitaingia kwenye namba mwakani.

Anza na umeme na maji. Waulize walifanyaje wakati wa mgawo wa umeme kuanzia mwishoni mwa 2023, kabla mitambo ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha mapema 2024. Waulize na kuhusu mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likapata maji kwa zamu. Aliyejipanga atakuonyesha tangi, kisima, jenereta na daftari la dizeli. Angalia pia eneo. Kila mtu Dar anajua mvua kubwa inavyofanya Jangwani na bonde zima la Msimbazi. Stoo iliyo bondeni ni hatari ya kifedha, hata kama haimo kwenye mizania.

Baada ya hapo tazama bidhaa yenyewe na sheria. Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku. Juni 2019 ikawa zamu ya mifuko ya plastiki. Kulikuwa na watu wenye mitambo mizima, mikopo inaendelea, na bidhaa imekuwa haramu ndani ya muda mfupi. Jiulize: kama serikali ikibana zaidi taka, chupa, moshi au sukari, kampuni hii itabaki na nini cha kuuza? Mazingira yameshaingia mpaka kwenye bei ya mtaji. Mwaka 2023 hati fungani ya kijani (deni linalouzwa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira) ya benki ya CRDB ilitafuta shilingi bilioni 40 ikapata zaidi ya bilioni 171, na mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, wakakusanya zaidi ya bilioni 53 kwa ajili ya miradi ya maji. Kampuni yenye rekodi safi ya mazingira ina milango ya fedha ambayo mwenzake hana.

La tatu, mteja mmoja. Ukiona nusu ya mauzo inakwenda sehemu moja, hiyo kampuni inaishi kwa hisani. Swissport Tanzania, inayohudumia ndege na mizigo viwanjani, iko DSE tangu 2003; mwaka 2020 ndege zilipoacha kuruka kwa sababu ya Korona, chanzo chake cha mapato kilisimama hata kama kila mfanyakazi alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Mteja mkuu akiwa serikali, hatari ni ya aina nyingine: kulipwa utalipwa, lakini lini?

Hatua ya 7: Nani anashika funguo

Hapa siwaonei haya wafanyabiashara wenzangu. Kampuni nyingi za familia hapa mjini hazifi kwa ushindani, zinafia kwenye kiti cha mkurugenzi. Tafuta kwenye maelezo ya hesabu sehemu ya miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Je, kampuni inapanga ghala la mke wa mkurugenzi? Imemkopesha mkurugenzi fedha bila riba? Inanunua mali ghafi kwa kampuni nyingine ya nyumba hiyo hiyo? Si lazima iwe wizi, ila ndiyo mfereji ambao fedha hupitia kutoka.

Uliza pia: mzee akiugua miezi mitatu, nani anasaini hundi? Na muulize mlinzi au dereva, kwa upole, kama mshahara unatoka kwa wakati. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, ya mfanyakazi na mwajiri kwa pamoja. Kampuni iliyoanza kukosa fedha mara nyingi huigusa hiyo kwanza, kwa kuwa mfanyakazi hagundui mpaka aangalie taarifa yake. Kampuni inayokata mishahara ya watu bila kupeleka michango yao haitaona aibu kukudhulumu wewe.

Kama ni benki, au kama unanunua hisa

Kwa benki angalia mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, na kipimo cha Benki Kuu ni isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Kisha angalia utoshelevu wa mtaji, yaani kama mtaji wake unatosha kubeba hasara. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji. Angalia pia amana zimetoka kwa nani. Mwaka 2016 fedha za taasisi za umma zilipohamishiwa Benki Kuu, benki zilizokuwa zimeegemea amana hizo ziliukosa ukwasi, yaani fedha za kulipa mara moja, haraka kuliko zile zenye wateja wadogo wengi.

Kwa hisa, kuna jambo moja zaidi: kutoka. Kupitia dalali au Hisa Kiganjani, huduma ya DSE ya kwenye simu, unaweza kununua leo, lakini kuna kaunta DSE, yaani kampuni zilizoorodheshwa, ambazo hupita siku nyingi bila hisa kubadilisha mkono. Tazama kiasi kilichouzwa kwa miezi mitatu kabla hujaweka ada ya mtoto humo. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio asilimia 5, na gawio zuri linatoka kwenye fedha ya hatua ya 2. Kampuni inayolipa gawio huku mtiririko wake ni hasi inakugawia mkopo wa benki.

Hatua ya mwisho: Geuza ulichokiona kuwa masharti

Kampuni iliyopita vizuri, mpe siku 30 na ukomo wa deni. Ukomo wangu ni kiasi ambacho kikipotea chote, bado nitalipa mishahara ya miezi miwili. Iliyo kwenye ukungu, nusu kabla ya mzigo, nusu siku ya kupokea, na kila robo mwaka unarudia hesabu za siku. Iliyoanguka, taslimu tu.

Mwezi uliopita kiwanda kimoja cha Vingunguti kiliniomba maboksi 8,000 kwa siku 60. Alama yao ilikuwa 1.9, wadaiwa siku 85, deni lote kwa shilingi. Nikaomba kuona stoo kabla ya chai. Mzigo ulikuwa wa wiki mbili, tarehe mpya, na kijana wa stoo alikuwa na daftari analojaza kwa mkono kila gari linapotoka. Tumekubaliana maboksi 4,000 kwanza, nusu mbele. Nusu hiyo iliingia benki Alhamisi, na gari langu linapakia Jumatatu asubuhi.